Malipo kwa ufanisi katika zahanati za Kigoma: jinsi ya kuupanga mpango ili pesa imfuate maskini

Kwa sera ya msamaha wa ada za matibabu Tanzania, mjamzito hatakiwi kulipia huduma, mtoto chini ya miaka 5 hivyo hivyo, na mzee wa miaka 60 au zaidi asiye na uwezo hivyo hivyo. Kwa zahanati yenye kabati tupu, watu hawa watatu ni hasara: wanatumia glavu, dawa na muda wa muuguzi, na hakuna kinachoingia kwenye akaunti. Ndiyo sababu huambiwa dawa zimekwisha, au hutumwa duka la dawa kununua uzi na pamba. Si roho mbaya peke yake, hesabu ndiyo inayowasukuma nje.

Malipo kwa ufanisi yanaweza kuigeuza hesabu hiyo. Zahanati inalipwa kwa kila huduma iliyotolewa na kuthibitishwa, na huduma aliyopewa maskini ikiwa na bei nzuri kuliko ya mwingine, maskini anakuwa mteja wa kutafutwa. Mpango ukipangwa ovyo, pesa zinaishia kwenye vituo vya kando ya lami ambavyo vilikuwa na wateja tangu mwanzo, na mwambao wa Ziwa Tanganyika wilayani Uvinza unabaki kama ulivyokuwa.

Tanzania si mgeni wa jambo hili. Majaribio yalianza mkoa wa Pwani mwaka 2011, yakafuata Kishapu mkoani Shinyanga mwaka 2015, kisha mikoa mingine, Kigoma na Tabora zikiwamo. Mwongozo huu ni kwa timu za afya za halmashauri, mashirika yanayotaka kutoa pesa kwa njia hii, waganga wafawidhi na kamati za usimamizi wa vituo. Mifano mingi ni ya Kigoma, lakini watu wa Kaliua au Sikonge, mkoani Tabora, hawatapotea wakiusoma.

Hatua ya 1: Chagua huduma 8 hadi 10, basi

Orodha ikiwa na huduma 30, muuguzi mmoja wa zahanati atashinda anajaza fomu. Huduma zinazofaa kulipiwa ni zile zenye rejesta, zinazoweza kuhesabiwa upya na mtu mwingine, na ambazo mtumishi ana uwezo wa kuzisukuma:

- hudhurio la kwanza la mjamzito kabla ya wiki 12
- hudhurio la nne la mjamzito
- dozi ya vidonge vya SP vya kuzuia malaria kwa mjamzito
- kujifungulia kituoni
- rufaa ya mama mwenye tatizo iliyofika kituo cha juu
- mama na mtoto kuonwa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua
- mtoto kumaliza Penta 3 (dozi ya tatu ya chanjo ya Penta)
- mtoto kupata dozi ya pili ya surua na rubela
- mgonjwa wa kaya maskini kutibiwa bila kulipa

Rufaa ndiyo inayosahaulika mara nyingi, na kuisahau kunaua. Ukilipia kujifungua bila kulipia rufaa, umempa muuguzi sababu ya kumshikilia mama ambaye uchungu umekwama, kwa kuwa akimpeleka kituo cha afya, pesa itakwenda huko. Lipa rufaa kwa bei ileile ya kujifungua, kwa sharti kwamba karatasi ya majibu kutoka kituo kilichompokea imerudi.

Yapo mambo ya kutolipia kwa idadi. Usilipie wagonjwa waliokutwa na malaria, maana vipimo chanya vitaongezeka hata mbu wasipoongezeka. Usilipie upasuaji wa kujifungua. Na kwa uzazi wa mpango, lipia ushauri uliotolewa na njia zote kuwapo kwenye rafu, usilipie idadi ya vipandikizi. Mama maskini asiyejua kusoma ndiye rahisi kushinikizwa, na huko ndiko shinikizo litakakoelekea.

Rwanda, jirani zetu, waliusambaza mpango kama huu kuanzia mwaka 2006, na utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kujifungulia vituoni kumeongezeka kwa asilimia 23, huku idadi ya wajawazito waliokamilisha mahudhurio manne haikusogea. Sababu inaeleweka. Mama akiwa na uchungu, muuguzi anaweza kuhakikisha mlango uko wazi usiku. Kurudi kliniki mara nne kunategemea nauli, shamba, mume na umbali. Kwa huduma za aina hiyo, bei nzuri kwa zahanati haitoshi. Tenga fungu dogo kwa upande wa mama: nauli, au vocha. Kenya walianza vocha za kujifungua mwaka 2006, mama maskini akinunua kwa shilingi 200 za huko na kituo kikilipwa kilichobaki. Wazo hilo halitashangaza mtu hapa, kwa kuwa wengi wanaikumbuka Hati Punguzo ya chandarua.

Hatua ya 2: Kituo kiwe na pa kuanzia

Kulipa kwa matokeo mahali pasipo na maji ni kumwambia mtu akimbie huku umemfunga miguu. Kabla ya robo mwaka ya kwanza, kila zahanati iwe na:

- akaunti yake ya benki, kamati ya usimamizi iliyo hai, na mtu anayeingiza hesabu kwenye FFARS, mfumo wa hesabu na taarifa za fedha za vituo
- tangi la maji la lita 2,000 au zaidi na mfereji wa kuvuna maji ya mvua
- taa ya sola chumba cha kujifungulia, betri ikiwa imefungiwa ndani
- kitanda cha kujifungulia, mashine ya presha inayofanya kazi, ambu ya mtoto mchanga (mfuko wa kumpulizia hewa asipopumua)
- jokofu linaloshika nyuzi 2 hadi 8, kwa chanjo na kwa oksitosini
- rejesta za MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) za kutosha robo mbili

Oksitosini iliyokaa kabatini kwenye joto la Ujiji hupoteza nguvu polepole, nayo ndiyo sindano ya yuniti 10 inayomkinga mama na kutoka damu nyingi mara tu mtoto akishatoka. Kama jokofu halipo, usianze kulipia kujifungua. Anza na jokofu.

Zahanati zilizopata nyota sifuri kwenye tathmini ya vituo zisiachwe nje ya mpango. Mara nyingi ndizo zinazowahudumia maskini wengi kuliko zote. Zipewe pesa za kuanzia na miezi 6 ya kujinyoosha, halafu ziingie kwenye malipo ya idadi.

Hatua ya 3: Mtambue maskini kabla hajaugua

Mgonjwa asihojiwe umaskini wake dirishani, mbele ya foleni. Anzeni na orodha ya kaya zilizoandikishwa kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii). Orodha hiyo ina mapengo mawili: kaya zilizofukarika baada ya uandikishaji, na watu wa kuhamahama, hasa wavuvi wa dagaa wanaokaa kambi moja miezi mitatu na nyingine miwili.

Kujaza mapengo, kila kitongoji kipendekeze majina, kisha yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyekiti wa kitongoji asiwe na neno la mwisho, maana shemeji na wajomba zake wataingia kabla ya mjane wa jirani. Kusoma majina hadharani kunaondoa wengi wasiostahili, ila kunawaumiza wenye aibu. Ruhusuni mtu kuomba kwa siri kupitia mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kwa kambi za wavuvi, mwandikisheni mtu kwa kambi alipo leo na namba ya kaya itakayomfuata akihama.

Kwenye kadi na kwenye rejesta weka namba tu. Neno "maskini" lisiandikwe popote pa kuonekana. Kama halmashauri inaweza, ilipie kaya hizo bima ya afya ya jamii, kama CHF iliyoboreshwa. Kiwango cha CHF hiyo kilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, na kadi ya bima haina alama ya umaskini.

Hatua ya 4: Bei, na hapa ndipo mpango unaposimama au kuanguka

Chukua zahanati mbili za mfano. Ya kwanza iko karibu na lami ya Kasulu. Ya pili iko kijiji cha mwambao kinachofikiwa kwa boti. Tuseme bei ni hizi: kujifungua shilingi 10,000, hudhurio la kwanza la mapema 4,000, hudhurio la nne 3,000, Penta 3 shilingi 2,000, mgonjwa wa kaya maskini 1,500.

Zahanati ya lami kwa robo mwaka: waliojifungua 60, Penta 3 watoto 90, hudhurio la nne 50, la mapema 20, wagonjwa maskini 40. Jumla 1,070,000. Alama ya ubora (tazama hatua ya 6) ikiwa asilimia 80, inalipwa 856,000.

Zahanati ya mwambao: waliojifungua 14, Penta 3 watoto 25, hudhurio la nne 12, la mapema 5, wagonjwa maskini 30. Jumla 291,000. Ubora ukiwa asilimia 65, inapata 189,150. Boti ya rufaa ikitumia lita 40 za petroli kwa safari, na lita ikiwa shilingi 3,000, pesa hiyo haitoshi safari mbili. Muuguzi wa pale amefanya kazi ngumu kuliko mwenzake wa lami na amelipwa chini ya robo.

Dawa yake ni vitu vitatu vinavyokwenda pamoja. Kwanza, kigezo cha ugumu: panga vituo kwenye madaraja manne kwa umbali, usafiri wa boti, na uchache wa watumishi, kisha zidisha kwa 1.0, 1.2, 1.5 au 1.8. Zahanati yetu ya mwambao ikizidishiwa 1.8 inapata 340,470. Pili, kiasi cha kudumu kila robo bila kujali idadi, kwa madaraja mawili ya mwisho, kiwe kimepigiwa hesabu ya mafuta ya angalau rufaa tatu. Tatu, bei ya huduma ya mtu wa kaya maskini iwe mara mbili ya bei ya kawaida kwa kujifungua na kwa chanjo. Hicho cha tatu ndicho kinachomfanya muuguzi amtume mhudumu wa jamii kwenda kumtafuta mama wa kitongoji cha mwisho.

Burundi mwaka 2010 waliunganisha huduma bure ya wajawazito na watoto chini ya miaka 5 na malipo ya aina hii, ili kituo kilichotoa huduma bure kirudishiwe. Fikra ni hiyo hiyo, na ni nzuri.

Malengo ya asilimia, ya aina ya "fikisheni asilimia 80 ya wajawazito wa eneo lenu", hayafai Kigoma. Hakuna anayeijua idadi ya wajawazito wa Kagunga au Manyovu vizuri kiasi hicho: wanavuka kutoka Burundi kuja kujifungua, na wavuvi wanakuja na kuondoka. Vijiji vya jirani na kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta navyo vimekuwa na watu wanaotibiwa ndani ya kambi, hivyo zahanati yao huonekana tupu bila kosa lake. Lipa kwa kila huduma iliyotolewa, mama awe na uraia wowote.

Hatua ya 5: Hesabu upya, kisha nenda nyumbani

Taarifa ya mwezi hutoka kituoni ndani ya siku 7 za mwezi unaofuata. Robo ikiisha, mhakiki afike na ahesabu mwenyewe kwenye rejesta. Asiwe mtu wa timu ileile inayosimamia vituo hivyo, kwa sababu hakuna msimamizi anayependa wilaya yake ionekane imeongopa. Mkaguzi wa ndani kutoka nje ya idara ya afya anafaa.

Uongo kwenye rejesta haukamatwi kwa kuitazama rejesta hiyo hiyo. Unakamatwa kwa kulinganisha:

- waliojifungua kwenye Kitabu Na. 12 cha MTUHA dhidi ya patografu (chati za kufuatilia uchungu) zilizopo na oksitosini iliyotoka stoo
- SP: dozi moja ni vidonge 3, hivyo dozi 40 zilizoandikwa kwenye Kitabu Na. 6 zimetoa vidonge 120 kwenye leja
- Penta 3 kwenye Kitabu Na. 7 dhidi ya leja ya chanjo
- mwandiko na wino: kurasa tatu za wiki tofauti zenye kalamu moja na mkono usiochoka zimeandikwa usiku mmoja

Tofauti ikiwa chini ya asilimia 5, lipa idadi iliyothibitishwa. Ikiwa 5 hadi 10, lipa na andika onyo. Ikizidi 10, huduma hiyo isilipwe robo hiyo. Ila kwa zahanati ndogo asilimia zinadanganya: palipo na waliojifungua 14, kosa la jina moja tu ni asilimia 7. Kwa idadi chini ya 40, tumia sheria ya majina: kosa la majina 2 linavumilika, la tatu linahojiwa.

Baada ya rejesta, chukua majina 10 kwa kubahatisha, angalau 4 yakiwa ya kaya zenye namba, na uwafuate nyumbani. Uliza maswali manne: ulikwenda, ulipewa nini, ulilipa shilingi ngapi, ulinunua nini nje. Swali la mwisho ndilo lenye faida. Mama atasema hakulipa kitu, halafu atakumbuka alinunua glavu na wembe. Pesa hiyo ikatwe kwenye malipo ya kituo na arudishiwe yeye.

Simu haitoshi, maana namba nyingi ni za waume au hazipatikani. Tumia jina la kitongoji na balozi. Kwenye mwambao, panga kwenda mwezi ukiwa mpevu, kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa gizani na mbalamwezi huwarudisha wavuvi nyumbani. Kumbuka pia miezi ya kupumzisha ziwa. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Kipindi kama hicho kambi hubaki tupu na kliniki ya watoto hupungua. Mhakiki asiyelijua ziwa ataandika kwamba muuguzi amezembea.

Hatua ya 6: Alama ya ubora

Fanya orodha fupi, na nusu ya alama itoke kwenye mambo yanayoonekana kwa macho siku ile: maji yanatoka bombani au kwenye ndoo yenye koki, sabuni ipo, vifaa vimechemshwa, dawa muhimu zipo kwa kuhesabu. Nusu nyingine itoke kwenye kazi yenyewe. Vuta patografu 5 bila kuchagua, tazama kama mapigo ya moyo ya mtoto yameandikwa kila nusu saa au yamejazwa baadaye kwa mstari ulionyooka mno. Chini ya asilimia 50, kituo kipate msaada na ufuatiliaji badala ya pesa ya idadi. Ziara isiwe na taarifa ya siku tatu mbele. Zahanati inayosafishwa kwa ajili ya wageni inajulikana kwa harufu ya dawa ya sakafu.

Hatua ya 7: Pesa ifike, igawanywe, itumike

Ahadi ya siku 45 tangu robo kuisha iheshimiwe kuliko ahadi nyingine yoyote kwenye mkataba. Malipo yakichelewa robo mbili, watumishi huona mpango ni maneno, na baada ya hapo huwarudishi kwa semina. Kama pesa ya mwaka mzima haijawekwa tayari, punguza idadi ya vituo, usipunguze kasi ya malipo.

Pwani, sehemu kubwa ya malipo ilikwenda kwa watumishi. Mpango uliofuata ulipindua: hadi robo ya malipo kwa watumishi, kilichobaki kwa kituo. Kwa Kigoma, robo kwa watumishi ni sahihi. Kwa zahanati yetu ya mwambao, robo ya 340,470 ni takriban 85,000. Wapo wanne: tabibu pointi 3, muuguzi 3, mhudumu wa afya 2, mlinzi 1. Pointi moja ni kama 9,450, na muuguzi anapata kama 28,350. Haimtajirishi mtu, na tusijidanganye kwamba ndiyo inayomfanya aamke saa nane usiku. Kinachomrahisishia kazi ni ile 255,000 inayobaki: mafuta yapo, glavu zipo, mlango una kitasa. Pointi zizidishwe kwa siku alizokuwa kazini kweli. Aliyekuwa semina mwezi mzima asilipwe sawa na aliyebaki peke yake.

Pesa ya kituo iamuliwe na kamati, kwa muhtasari ulioandikwa. Dawa ziagizwe kwanza MSD, bohari ya dawa ya serikali. Wakikosa, kwa mshitiri wa mkoa (muuzaji binafsi aliyeteuliwa) kwa taratibu zake. Mhudumu wa jamii aliyemsindikiza mama alipwe siku hiyo hiyo. Usafiri wa dharura wa m-mama kwa namba 115 utumike kila unapopatikana, na mafuta ya akiba ya zahanati yabaki kwa boti na kwa usiku ambao gari halifiki.

Mambo yanayoharibu, na dalili zake

Faini kwa mama aliyejifungulia nyumbani ndiyo mbaya kuliko zote, na huletwa na watu wenye nia njema. Kijiji kinatunga sheria ndogo ili idadi ipande, zahanati inafurahi. Mama maskini aliyezidiwa njiani anaogopa faini, hamleti mtoto kliniki, na chanjo inapotea pamoja naye. Ukiona waliojifungua kituoni wanapanda na chanjo ya BCG kutoka kwa watoto waliozaliwa nyumbani inatoweka kabisa, uliza kuhusu faini. Weka kwenye mkataba kwamba kijiji chenye faini hiyo kinasimamishiwa nyongeza. Mkunga wa jadi, kwa upande mwingine, alipwe kwa kumsindikiza mama. Ukimfukuza tu, atazalisha kwa siri.

Huduma zisizolipiwa hudorora. Kila robo tazama mbili ambazo haziko kwenye orodha, kwa mfano kifua kikuu na shinikizo la damu. Zikishuka robo mbili mfululizo, badilisha orodha.

Tatu ni kituo cha mtumishi mmoja. Akiugua, idadi ni sifuri na malipo ni sifuri, halafu hata mlinzi halipwi. Kiasi cha kudumu cha hatua ya 4 kinakinga hapo.

Robo mwaka ya kwanza iwe ya majaribio: hesabu kila kitu, hakiki, andika kiasi ambacho kituo kingelipwa, na lipa kiwango sawa kwa vituo vyote. Makosa mengi ya bei huonekana hapo kabla hayajawa ugomvi. Na mfadhili anapokaribia kuondoka, bei zishuke kwa robo nne badala ya kukatika ghafla, huku mafuta ya rufaa na posho ya mhudumu wa jamii zikihamishiwa kwenye bajeti ya kituo inayolipwa moja kwa moja na Mfuko wa Pamoja wa Afya. Utaratibu huo wa pesa kwenda moja kwa moja kituoni upo tangu mwaka wa fedha 2017/18, lakini mafuta ya boti hayataingia humo yenyewe. Yaandikwe kwenye mpango wa kituo, kwa lita, mwaka mmoja kabla.